Ng'ombe Niliyemchora Buger

Mlipokuja kunipa pole, kila mmoja wenu aliniuliza kwa njia yake swali lile lile: mtoto wa kiume wa pekee, amepata habari kwamba mama yake anaumwa, imekuwaje afike siku kumi na moja baada ya maziko? Niliwajibu kwamba njia ilikuwa mbaya na mpaka ulikuwa bado umefungwa. Yote mawili ni kweli, lakini hayakuwa jibu. Mmoja wenu aliona nikiruka mambo, akaniambia niandike, kwa sababu mtu akiandika hana pa kukimbilia. Basi naandika. Habari za vibali sitawachosha nazo, maana sikuwa navyo.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Mwaka 1976 nilikwenda Karatu kwa kazi ya miezi mitatu, kupaka picha za wanyama kwenye kuta za hoteli. Mwaka uliofuata mpaka ukafungwa, magari ya watalii kutoka Nairobi yakakoma, na mwenye hoteli akaniambia hana tena wa kumwonyesha simba wangu. Mwanzoni nilibaki kwa kukosa njia. Baadaye nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeanza kujifunza kazi yangu upya, na hilo ndilo ambalo sikuwahi kuliandika katika barua zangu kwa mama. Miezi mitatu ikawa karibu miaka saba.

Buger

Nilikaa Buger, kwa mzee mmoja Mwiraqw, wale ambao wengi huwaita Wambulu, aitwaye Safari. Kule hilo ni jina la mtu. Mtoto akizaliwa wakati wazazi wako njiani, anaitwa hivyo. Alinichukua baada ya mimi kupaka mzabibu kwenye ukuta wa kanisa lao. Alinipa chumba, nami nikawa nasaidia shambani siku ambazo hapakuwa na kibao cha kuandika wala ukuta wa kupaka. Wote pale waliniita Mombasa. Nilikuwa Mwislamu peke yangu katika nyumba ya Wakristo, na kila Ramadhani mkewe Safari, Mama Martina, aliamka kabla yangu kunipashia uji.

Rangi za kopo zilipotea madukani kama sabuni na sukari zilivyopotea. Nilidhani kazi imekwisha. Mama Martina akanipeleka kwenye korongo ambako wanawake huchimba udongo wa kupaka nyumba: mwekundu, mweupe, na mwingine wa kijivu kama majivu ya jana. Nikajifunza kuuchekecha na kuuchanganya na maziwa yaliyoganda ili ushike ukutani. Fundi aliyenifundisha kazi Mombasa, marehemu, yule wa mabango na maua ya malori, angecheka hadi akae chini. Lakini rangi zile zilikaa ukutani kama zilizaliwa hapo.

Na jicho langu nalo likabadilika. Nilipofika nilikuwa nachora wanyama kutoka kwenye kalenda. Siku moja mfugaji wa Kimasai alisimama mbele ya ukuta wa hoteli, akatazama kundi la ng'ombe nililolipaka chini ya mlima, akaniuliza, "Huyu anaitwa nani?"

"Ni ng'ombe tu," nikasema.

"Hakuna ng'ombe tu," akanijibu, akaenda zake.

Maneno hayo yalinikaa. Nikanunua daftari kubwa, nikaanza kuchora ng'ombe mmoja mmoja: pembe zake, mabaka yake, namna anavyosimama. Nikagundua kwamba Wamasai wana jina kwa kila rangi na kila baka, na kwamba mimi, mtu wa rangi, nilikuwa nimeishi miaka thelathini nikiona rangi nne.

Katika daftari lile alikuwamo ng'ombe wa Safari. Mwekundu kama tofali, mwenye baka jeupe ubavuni lililochanika vidole vidole kama jani la muhogo. Aliletwa nyumbani kama miaka miwili kabla ya safari yangu. Safari aliniambia amemnunua kwa mtoto wa dada yake. Nilimchora wiki ile ile, amefungwa kando ya jiko. Sikio lake la kulia lilikuwa limekatwa karibuni, kidonda bado kibichi, nami nikakichora kidonda. Sikuuliza kitu.

Kisha ikaja barua ya dada yangu Mwanakombo. Ilikuwa imepita mikono mingi hata bahasha imelainika kama kitambaa. "Mama anaumwa, na anakuulizia wewe. Njoo kwa njia yoyote."

Njia yoyote ilikuwa moja. Wafugaji wa Loliondo waliendelea kuvuka na mifugo yao kama walivyovuka babu zao. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Moinga, alikubali kunichukua mradi nimkute Nainokanoka, juu ya ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano.

Endamarariek na Karatu

Safari alinisindikiza kwa miguu mpaka Endamarariek akiwa amebeba begi langu. Nilipotaka kumpokea alisema, "Acha. Ukifika kwenu utabeba mwenyewe." Kwa jamaa zake wa Endamarariek tulikula makande, na kila mtu alinieleza dawa ya ugonjwa wa mama yangu bila kujua anaumwa nini. Tulipoagana Safari alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniambia chumba changu hatampa mtu mpaka apate habari kwamba nimefika.

Karatu nilisubiri siku mbili. Lori lilikuwapo, dereva alikuwapo, dizeli haikuwapo. Nilikaa mbele ya mgahawa mmoja nikala maharage asubuhi, mchana na jioni. Mama mwenye mgahawa alipojua mimi ni mchoraji aliniomba nimwandikie kibao. Nikamwuliza niandike nini. Akafikiri sana. "Andika CHAKULA KIPO. Siku kikikosekana nitakigeuza." Nikamwandikia kwa udongo mwekundu, akanifungia viazi vitamu vya njiani.

Lango la Lodoare

Kwenye lango hilo la kuingilia hifadhi ya wanyama askari alitupanga mstari kando ya lori. Ulikuwa wakati wa kuwatafuta walanguzi, na kila mzigo ulifunguliwa. Akakuta kwenye begi langu makopo matatu ya unga.

"Unatoka wapi?"

"Kwa Safari," nikajibu.

"Nimekuuliza unatoka wapi, sijakuuliza unakwenda wapi."

"Natoka kwa Safari, Buger."

"Wewe uko safarini ndiyo, naona. Nyumbani wapi?"

Abiria wakacheka, yeye akakasirika. Akafungua kopo la udongo mweupe, akachovya kidole, akalamba. Akatema. Akajaribu jekundu, akatema tena, akiwa na midomo kama ya bibi harusi.

"Hii siyo unga."

"Ni udongo, afande. Mimi napaka kuta."

Alitazama makopo, akatazama milima mizima ya udongo iliyotuzunguka, akanitazama mimi ninayesafiri na udongo begani. Naamini aliamua kwamba sina akili timamu. Alinirudishia mzigo kwa upole kabisa. Daftari hakulifungua. Mara nyingi nimefikiria kwamba kama angelifungua akalichukua, mama yangu ningemkuta.

Nainokanoka hadi Malambo

Ukingoni ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kreta yenyewe, ambayo watu wanavuka bahari kuiona, sikuiona. Moinga nilimkuta Nainokanoka amejifunika shuka mbili, ndevu zina umande. Alikuwa mtu wa maneno machache na miguu mirefu. Tulitembea siku mbili na ng'ombe wake kupitia nyanda za baridi, kisha tukaanza kuteremka, na kila saa tuliyoshuka nilivua nguo moja. Majani yalibadilika kutoka kijani hadi manjano hadi rangi ya ngozi ya simba. Mbele yetu tambarare ya Malambo ilikuwa nyeupe kwa jua, na vumbi la mifugo limesimama juu yake hapa na pale.

Bomani kwa mzee Sendeu, ambaye ni mwenyeji wa Moinga, nilipewa maziwa kwenye kibuyu. Yalikuwa na ladha ya moshi. Mimi kwa adabu zangu za Pwani nikamwambia Moinga taratibu kwamba yule mama asihuzunike, maziwa yameungua kidogo tu. Moinga akanitafsiria kwa sauti. Boma zima likacheka. Kumbe kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto wa mti maalumu, na moshi ule ndio utamu wenyewe; ni kama mtu aje kwetu aseme wali umeingiwa na nazi.

Aliyecheka zaidi ya wote ni mama mwenye kibuyu, mke wa Sendeu. Nilimwita Yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wote. Hakujua Kiswahili. Mwanawe Lesikar, morani aliyewahi kufika darasa la saba, ndiye aliyetutafsiria.

Malambo

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima, Sendeu aliuliza ni kitu gani ninachobeba kifuani kama Padri anavyobeba Biblia. Nikampa daftari.

Sijapata watazamaji kama wale tena. Walikuja wazee, wanawake, watoto. Sendeu alifunua kurasa polepole, na kila ng'ombe alimtaja kwa jina la rangi yake. Walibishana juu ya umri, juu ya pembe, juu ya huyu atatoa maziwa na yule atazaa kwa shida. Hakuna aliyesema picha ni nzuri. Walizungumza habari za ng'ombe wenyewe, kana kwamba karatasi haipo. Nilikaa nimefumba mdomo kwa furaha. Nikawaza, nikifika Mombasa nitamwonyesha mama, naye atajua kwamba miaka saba haikupotea.

Kisha Yeyo akainama juu ya bega la mumewe, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

Alizungumza kwa muda mrefu, sauti ya chini. Nilimgeukia Lesikar.

"Mama anasema nini?"

Lesikar hakunitazama. "Anasema ni yake."

Ilibidi Sendeu mwenyewe anieleze, kwa Kiswahili chake cha minadani. Ng'ombe yule aliibwa malishoni miaka miwili iliyopita pamoja na wengine watatu. Alikuwa wa Yeyo, siku ya kuolewa alipewa ng'ombe aliyemzaa huyo, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mtoto wao wa mwisho. Lesikar na wenzake walifuata nyayo mpaka msituni juu, mvua ikazifuta. "Wewe nachora wapi hii?" akaniuliza.

Nikasema uongo. Nilisema, "Mnadani, Karatu."

Lesikar akatafsiri. Yeyo akanitazama bila hasira, kisha akaweka kidole pembeni mwa ukurasa. Pale, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kuchora kila kitu kama kilivyo, palikuwa na kamba, na kwenye kamba kanga ya Mama Martina.

"Mama anauliza," alisema Lesikar, "mnadani siku hizi wanaanika nguo?"

Hapo morani watatu walikuwa wamekwisha simama. Sikuelewa maneno yao lakini nilielewa mikono yao. Sendeu aliwaamuru wakae, nao walikaa kama watu wanaokaa juu ya mwiba. Akanipeleka nje ya boma, tukaketi juu ya mawe, yeye, Moinga na mimi.

"Mimi silazimishi wewe," alisema Sendeu. "Umekunywa maziwa yangu. Unataka kwenda kwa mama yako, nenda. Lakini hawa vijana, ukienda, watatafuta kwa njia yao. Wataingia kila nyumba ya Wambulu yenye ng'ombe nyekundu. Na Mbulu naye ana mishale."

"Na nikitaja kijiji?"

"Ukitaja, watakwenda kesho. Ukitupeleka wewe mwenyewe, nitakwenda mimi na mama ya Lesikar. Wazee peke yao. Vijana watangoja mpaka mwezi uandame."

Moinga akasema, "Ng'ombe wangu wanaondoka asubuhi. Siwezi kungoja. Mombasa, mama ni mmoja."

Hapa ndipo nilipokuwa naruka nilipowasimulia. Kwa hiyo nitasema yote. Nilifikiria kutaja jina la kijiji na kwenda zangu. Nililifikiria hilo muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Safari hakuwa ndugu yangu, na mwizi si mimi. Lakini kila nilipofika kwenye neno Buger nilimwona Mama Martina ametoka jikoni na sufuria mkononi, akiuliza vijana wenye mikuki kama wamekula. Na nyuma ya hilo kulikuwa na jingine: lile sikio. Mwenye jicho la kuchora kidonda amekiona kidonda. Nilijua tangu siku ile kwamba alama ya mwenye ng'ombe, ile inayowekwa sikioni, imekatwa ili ifichwe, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nakula pale.

Asubuhi Moinga alinisubiri kidogo kwenye njia ya kaskazini. Alipoona sinyanyui begi aliniinamia kichwa, akaondoka na ng'ombe wake.

Kurudi nyuma

Njia niliyoishuka nikivua nguo nikaipanda nikizivaa. Sendeu alitembea mbele, Yeyo nyuma, mimi katikati kama mtu aliyekamatwa, ingawa hakuna aliyenikamata. Siku ya pili, tukipumzika, Yeyo alifungua begi langu bila kuomba ruhusa, akatoa kopo la udongo mwekundu, akachukua kidogo, akausugua kiganjani, akatikisa kichwa. Akatembea mpaka kwenye ukingo wa kijito kikavu, akachimba kwa fimbo, akaniletea donge la wekundu ambao sijawahi kuuona, mwororo kama siagi. Alimwaga wa kwangu, akaweka wa kwake. Sendeu akasema, "Yeye anasema ng'ombe yake haikuwa rangi ile unayobeba."

Karatu tulisubiri lori tena, na Endamarariek nilipita nimeinamisha uso, nisiwaone wale walionipa dawa za mama. Siku ya tano tukafika Buger.

Buger, mara ya pili

Safari alikuwa anapalilia mahindi. Aliponiona aliangusha jembe, akaja mbio. Alidhani nimerudishwa mpakani. Kisha akaona niliokuja nao.

Aliwakaribisha. Lazima niseme hilo. Viti vililetwa, maji yaliletwa, Mama Martina akawasha moto. Hakuna aliyetaja ng'ombe mpaka watu wamekula. Mzee mmoja jirani na mwenyekiti wa kijiji waliitwa. Ndipo Sendeu akaniambia, "Fungua kitabu."

Nikafungua. Safari alitazama picha, akanitazama mimi, na sura yake ikajifunga kama mlango.

"Ng'ombe wekundu ni wengi," alisema.

Wakamtoa ng'ombe zizini na ndama wake. Yeyo alimwita kwa jina. Wote tulisubiri. Ng'ombe aliendelea kula mabua. Hata sikio hakutikisa. Jirani akacheka kidogo. "Mbona ng'ombe hamjui huyo mama?"

Yeyo naye akacheka, akasema jambo kwa mumewe. Sendeu akatafsiri: "Anasema tangu zamani huyu ana kiburi. Anasema pia, chuchu ya nyuma, upande wa kushoto, imekufa. Haitoi maziwa. Hiyo kitabu haikuandika."

Kitabu kweli hakikuwa nayo. Sikuichora, sikuijua. Baka la ubavuni lilionekana na kila mpita njia, lakini chuchu iliyokufa anaijua mkamuaji peke yake. Mwenyekiti akachuchumaa aangalie, lakini kwa macho zote nne zilifanana.

Mama Martina alikuwa amesimama mlangoni. Alifuta mikono yake kwenye kanga, akasema taratibu, "Safari. Haitoi. Namkamua mimi kila siku."

Yeyo alimtazama Mama Martina, akaenda akasimama karibu naye, na wanawake wale wawili, ambao hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, wakabaki wamesimama hivyo wakimtazama ng'ombe wao.

Mazungumzo ya wanaume yalichukua siku mbili. Mpwa wake Safari alitafutwa, akawa amekwisha kimbilia kusikojulikana. Safari alikiri kwamba alimnunua kwa bei isiyokuwa ya ng'ombe, na kwamba hakuuliza. Ikakubaliwa ng'ombe arudi, na ndama naye kwa kuwa bado ananyonya, na wale watatu wengine watafutwe na kijiji. Mama Martina alikuwa amemlea ndama yule kwa mkono alipozaliwa dhaifu. Alimfunga kamba mwenyewe, akaingia ndani.

Nilikwenda kumuaga Safari shambani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi.

"Baba, sikutaka..."

"Ulilichora lile sikio," alisema. Hakuacha kupalilia. "Nimeangalia picha yako vizuri. Uliona. Siku ile, kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza tukiwa wawili, jikoni, ningeona haya, ningemrudisha. Umengoja ukaniuliza mbele ya Wamasai na mwenyekiti."

Nikainama, nikang'oa magugu mbele ya jembe lake.

"Chumba chako," akasema, "nitaweka mahindi."

Kaskazini

Barua ya mwenyekiti ya kutupitisha na ng'ombe nairuka, ila yule askari wa Lodoare aliisoma mara tatu, akanitazama, akaamua tena kwamba mtu huyu asiguswe. Ng'ombe mwenye ndama hatembei haraka. Mlima wa kwenda ukingoni tuliupanda kwa siku nzima. Ilikuwa Alhamisi, najua kwa sababu Sendeu alikuwa akihesabu siku akiuangalia mwezi, nami nilikuwa nahesabu pamoja naye. Ukungu haukuwapo siku hiyo. Tulisimama ndama anyonye, na kreta ilikuwa chini yetu, ziwa linang'aa kama sahani, vivuli vya mawingu vinatembea juu ya majani. Nilitoa daftari nikachora mpaka ndama aliposhiba. Sitawaficha: nilikuwa na furaha. Mwanakombo ameniambia kwamba mama alifariki Alhamisi ile, mchana, akazikwa kabla ya jua kutua.

Nimehesabu. Ningekwenda na Moinga ningemkuta hai.

Malambo tulifika mwezi ukiwa mwembamba kama ukucha, haujafa bado. Morani walikuja kutupokea njiani, na Lesikar alimshika mama yake mkono kama mtoto mdogo. Sendeu alinitemea mate viganjani kunibariki, zamani ningejifuta. Kisha akamwambia Lesikar anipeleke mpaka ng'ambo na asilale hata nikichoka. Lesikar, ambaye wiki tatu kabla alikuwa tayari kunichoma mkuki, alibeba begi langu siku nne, Arash hadi Loliondo hadi kwenye uwanda ambao aliniambia kwamba sasa nakanyaga Kenya. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha hivyo. Majani yalikuwa yale yale.

Nyumbani

Lori mpaka Narok, basi mpaka Nairobi, treni mpaka kwetu. Hiyo mnaijua wenyewe. Mlango alinifungulia Mwanakombo. Kwa nguo aliyovaa nilijua kabla hajasema.

Hakuniuliza siku hiyo. Aliniuliza siku ya tatu, wageni walipopungua, akichambua mchele. Aliuliza kama mlivyouliza nyinyi, nami nikamjibu kama nilivyowajibu nyinyi. Akaendelea kuchambua. "Sasa sema kweli," akasema.

Nikamweleza yote, tangu barua yake mpaka ng'ombe. Sikumficha hata ile furaha ya pale ukingoni. Alipokwisha kunisikiliza, sinia ilikuwa imetulia mapajani mwake.

"Ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe."

"Mama alikuwa akikuulizia kila gari likisimama. Ungeniambia ulikamatwa na polisi, ningekusamehe upesi. Ungeniambia ulipotea porini. Lakini ng'ombe, Hamisi!"

Alilia, nami nikakaa pale sikuthubutu kumgusa. Alilia mpaka akamaliza, akajifuta kwa upindo wa leso, akavuta sinia, akarudi kwenye mchele.

Kisha, bila kuinua uso, akaniuliza, "Na yule mama? Alipofika naye nyumbani, alifanyaje?"

"Alimkamua," nikasema. "Kabla hajakunywa hata maji. Akawagawia watu wote waliokuwapo."

"Na wewe alikupa?"

"Alinipa wa kwanza."

Mwanakombo alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitazama, akalitupa nje ya mlango. "Basi sogea," akaniambia, "unisaidie kuchambua."